Asiyekubali Kushindwa: Somo juu ya Hadithi za Taifa na Siasa za Chuki

Wahenga wetu walinena: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii twaitumia mara nyingi uwanjani, timu inaposhindwa ikamtupia mwamuzi lawama zote. Leo twapenda kuitumia kwa jambo zito kuliko mpira. Twataka kulitazama taifa kubwa lililoshindwa vitani, likakataa kukiri kwamba limeshindwa, likajitungia hadithi ya kujifariji. Hadithi ile ilianza kama kitambaa cha kufutia machozi. Ikaishia kuwa silaha mikononi mwa wauaji.

Taifa hilo ni Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918.

Huenda msomaji akauliza: Mambo ya Wajerumani yatuhusu nini sisi? Twamjibu kwa sababu mbili. Kwanza, hadithi ile ilikuwa na ndugu yake aliyezaliwa hapa kwetu, katika nchi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na babu zetu wametiwa ndani yake bila kuulizwa. Pili, uongo wa namna hii haufi pamoja na waliouzua. Leo hii vyama vya siasa kali za mrengo wa kulia vinapata kura kwa mamilioni katika Ulaya. Hivyo ni vyama vinavyofundisha kwamba taifa ni damu na ukoo, na kwamba mtu asiye wa damu hiyo ni mzigo au adui. Na mojawapo ya silaha zao kubwa ni hadithi za zamani.

Hadithi njema na hadithi mbaya

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba taifa lisiwe na masimulizi yake. Watu wasiokumbuka walikotoka ni kama mtumbwi usio na nanga. Ni vema kuwakumbuka mashujaa, kuwalilia wafu, na kuwasimulia watoto taabu zilizowapata wazee wao. Kuipenda nchi yako ni wema, kama vile kumpenda mama yako ni wema.

Ila ziko alama tatu zinazomtambulisha msimuliaji wa hatari. Ya kwanza: husema kwamba taifa letu halikukosa kamwe, wala halikushindwa kwa haki. Ya pili: husema kwamba misiba yetu yote imeletwa na wasaliti waliomo humu humu ndani. Ya tatu: husema kwamba heshima yetu itarudi siku atakapotokea mwenye mkono wa chuma na kuwafagilia mbali wasaliti hao. Zikikutana alama hizo tatu, hiyo si historia tena. Ni hati ya mashtaka, na mshtakiwa ni jirani yako.

Sasa tuangalie jinsi mambo hayo yalivyotokea.

Mambo yalivyokuwa kweli

Mwezi wa Machi 1918, majemadari wakuu wa Ujerumani, Hindenburg na Ludendorff, walianzisha shambulio kubwa katika Ufaransa. Walitumaini kushinda kabla majeshi ya Marekani hayajafika kwa wingi. Shambulio lilisonga mbele, likachoka, likasimama. Tarehe 8 Agosti, karibu na mji wa Amiens, safu yao ilivunjwa, na maelfu ya askari wakajitoa mateka. Ludendorff mwenyewe aliiita siku ile siku nyeusi ya jeshi la Kijerumani. Tangu hapo walikuwa watu wa kurudi nyuma tu. Mwishoni mwa Septemba, Bulgaria iliyokuwa upande wao ikaweka silaha chini.

Tarehe 29 Septemba 1918 majemadari hao wawili walimwambia Kaisari Wilhelm kwamba hapana budi kuomba vita visimame, na upesi. Ludendorff akaongeza shauri la hila: serikali mpya iundwe na wanasiasa wa bunge, wale wale waliokuwa wakiwalaumu wanajeshi, ili mzigo wa kuomba amani uwaangukie wao.

Ishike sana tarehe hiyo, ndugu msomaji. Mabaharia wa Kiel waliasi mwanzoni mwa Novemba. Kaisari aliondoka kitini tarehe 9 Novemba. Maasi, basi, yalikuja zaidi ya mwezi mmoja baada ya majemadari wenyewe kukiri kwamba hawawezi tena. Mtu aliyekwisha anguka hawezi kusema ameangushwa na kisu kilichomfikia baadaye.

Ni nani aliyetumwa kutia sahihi? Si Hindenburg, wala si Ludendorff. Alitumwa Matthias Erzberger, mbunge Mkatoliki wa Chama cha Katikati, aliyekuwa zamani mwalimu wa shule ya msingi. Mtu huyu yafaa tumjue. Mnamo 1905 na 1906 alisimama bungeni Berlin akifichua ukatili na ubadhirifu wa watawala wa makoloni ya Kijerumani, akachukiwa kwa sababu hiyo. Vita vilipoanza naye alipotoka: alishangilia ushindi na kutaka nchi za wengine zitwaliwe. Lakini kufika Julai 1917 macho yake yalikuwa yamefunguka, akaliongoza bunge kupitisha azimio la kutafuta amani ya mapatano. Tarehe 11 Novemba 1918, ndani ya behewa la gari moshi katika msitu wa Compiègne, alitia sahihi yake. Hindenburg mwenyewe alikuwa amempelekea neno kwamba atie sahihi hata kama adui hatalegeza masharti.

Hivyo aliyeshindwa alikaa pembeni, na aliyesimamisha umwagaji wa damu akabaki na wino mkononi kana kwamba ndiye mwenye hatia.

Jinsi uongo ulivyozaliwa

Desemba 1918 vikosi vilirejea Berlin. Friedrich Ebert, kiongozi wa serikali mpya, aliwapokea na kuwaambia kwamba hakuna adui aliyewashinda. Ebert hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwatuliza watu waliochoka, na kuwapa heshima waliorudi bila viungo. Lakini neno lile la adabu lilikuwa mbegu. Maana kama hakuna adui aliyetushinda, na bado tumeshindwa, basi aliyetushinda ni nani?

Jibu lilitolewa mbele ya watu wote tarehe 18 Novemba 1919. Hindenburg aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza sababu za kushindwa. Hakujibu maswali. Alisoma maneno aliyokuja nayo yameandikwa tayari, akasema kwamba jeshi lilichomwa kisu kutoka nyuma. Akadai kwamba hata jenerali mmoja wa Kiingereza amekiri hivyo. Huyu ndiye aliyejua yaliyosemwa tarehe 29 Septemba. Alikuwapo.

Mwaka 1920, katika kitabu cha maisha yake, alikwenda mbele zaidi akaichukua hekaya ya kale ya Wajerumani. Yasimuliwa kwamba Siegfried alimwua joka, akaoga damu yake, na ngozi yake ikawa haipenyi silaha. Ila jani moja lilimwangukia katikati ya mabega, na mahali pale pakabaki laini. Hagen, mtu wa nyumba ile ile, alipajua. Siegfried alipoinama kunywa maji kisimani, Hagen akamchoma mkuki mgongoni. Hindenburg akasema kwamba hivyo ndivyo jeshi lilivyoanguka.

Tazama werevu wa jambo hili. Ushahidi huulizwa tarehe, majina na hesabu. Hekaya haiulizwi chochote, kwa sababu kila mtu ameisikia tangu utotoni. Aliyesikia jina la Siegfried hakutaka tena kujua habari za Amiens wala za Bulgaria. Alitaka kujua jambo moja tu: Hagen ni nani?

Na hapo ndipo kila mtu alipojaza jina la amchukiaye. Wengine walisema ni wafanyakazi waliogoma. Wengine wakasema ni wajamaa, na Wakatoliki kama Erzberger waliotaka amani. Na wengi wakasema ni Wayahudi. Hali halisi ni kwamba Wayahudi wapatao 100,000 walikuwa wamelitumikia jeshi la Ujerumani katika vita ile, na 12,000 hivi wakafa. Mwaka 1916 wakubwa wa jeshi waliamuru Wayahudi wahesabiwe, kwa kuwa watu waliwasingizia kwamba wanakwepa mstari wa mbele. Hesabu ilifanywa, na matokeo hayakutangazwa vita vikiendelea. Shutuma ikabaki hewani, kama harufu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Kwa nini watu wengi waliamini

Ni rahisi kwetu kuwacheka. Tusiwacheke. Tujiweke mahali pao.

Magazeti yalikuwa chini ya amri ya jeshi, nayo yalitangaza ushindi karibu mpaka siku za mwisho. Mwezi wa Machi 1918 Urusi ilikuwa imetia sahihi amani ya Brest-Litovsk na kuacha nchi pana mikononi mwa Wajerumani. Siku vita vilipokoma, majeshi yao yalikuwa bado katika ardhi ya Ufaransa na Ubelgiji. Katika Berlin hapakuwa na askari hata mmoja wa adui. Mtu wa kawaida aliona njaa iliyoletwa na kuzuiwa kwa meli, aliona makaburi, kisha ghafla akasikia kwamba yote yamekwisha na kwamba wamepoteza.

Wajerumani wapatao milioni mbili walikuwa wamekufa. Mfikirie mama mmoja kati ya mamilioni ya mama wale. Ukimwambia kwamba mwanawe alikufa kwa sababu wakubwa walianzisha jambo wasiloliweza, unamwongezea uchungu juu ya uchungu. Ukimwambia kwamba mwanawe alikuwa amekaribia kushinda, ila wasaliti wakamwuza, unampa vitu viwili kwa pamoja: heshima ya marehemu, na mtu wa kumlaani. Uongo huu ulipenya kwa mlango wa msiba. Ndiyo maana watu wema waliuamini, na ndiyo maana waliousambaza wana hatia kubwa zaidi: walifanya biashara kwa machozi ya wafiwa.

Kisha ukaja mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919, wenye masharti mazito na fidia kubwa. Tangu hapo kila shida ya nyumbani ilipata maelezo yake tayari.

Ndugu yake uongo huo katika nchi yetu

Sasa tuje kwetu. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliongoza vita vya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki kwa miaka minne. Alipigana Tanga mwaka 1914 na Mahiwa mwaka 1917, akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Alijitoa Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Alikuwa amebaki na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Machi 1919 aliingia Berlin kwa shangwe kama shujaa asiyeshindwa.

Kwa watu waliotamani kusikia kwamba Ujerumani haikushindwa, Lettow-Vorbeck alikuwa ushahidi unaotembea. Mwaka 1920 alitoa kitabu kwa ajili ya vijana, nacho alikiita kwa neno la kwetu, *Heia Safari*. Askari wetu nao wakafanywa mashahidi. Ati Mwafrika alimfuata bwana wake mpaka mwisho kwa mapenzi. Basi ni uongo kusema kwamba Wajerumani walitawala vibaya. Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa nchi hii, aliandika kitabu mwaka 1924 kukanusha lawama zote za ukoloni wa Kijerumani. Miaka michache baadaye Schnee huyo alikaa bungeni katika kundi la chama cha Hitler.

Na yaliyoachwa nje ya hadithi hiyo je? Yameachwa mengi. Imeachwa vita vya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambapo Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilisema watu 75,000 walikufa, na wanahistoria wa baadaye hutaja idadi kubwa zaidi sana, wengine hadi 300,000. Wameachwa wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu wakichukua mizigo ya pande zote mbili; jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Imeachwa njaa ya Mtunya iliyowamaliza Wagogo, baada ya majeshi kupita yakitwaa nafaka, ng'ombe na vijana wenye nguvu.

Hata askari wenyewe hawakuulizwa. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha 2014, ameeleza kwamba askari walikuwa watu wenye malengo yao: mshahara, mifugo, nyumba, heshima ya mtu mkubwa. Wake na watoto walifuatana nao safarini. Wengi walitoroka matumaini yalipokwisha. Walikuwa watu kamili, wenye hesabu zao. Hadithi ya askari mwaminifu iliwageuza kuwa kioo tu, ili Mjerumani ajitazame ndani yake na kujiona mzuri.

Wala tusidhani kwamba hadithi hii ilikaa mbali na siasa. Machi 1920 wanajeshi na wanasiasa wasioipenda jamhuri walijaribu kuipindua serikali pale Berlin. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa na kikosi katika Schwerin, aliwaunga mkono. Wafanyakazi waligoma nchi nzima, jaribio likavunjika, naye akaondolewa jeshini. Hatusemi kwamba alikuwa mfuasi wa Hitler. Twasema kwamba jina la shujaa asiyeshindwa lilitumika mapema dhidi ya serikali iliyochaguliwa na watu.

Matunda yake

Tarehe 26 Agosti 1921 Erzberger alikuwa akitembea na rafiki yake katika milima ya Msitu Mweusi, karibu na Bad Griesbach. Vijana wawili waliokuwa maofisa zamani walimpiga risasi wakamwua. Kosa lake lilikuwa sahihi ile ya Compiègne. Tarehe 24 Juni 1922 aliuawa Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nchi za nje, aliyekuwa Myahudi. Desemba 1924 mahakama ya Magdeburg ilisema kwamba Ebert, aliyekuwa sasa rais, alifanya uhaini kwa kushiriki uongozi wa mgomo wa Januari 1918. Alifariki Februari 1925. Ebert, aliyewaambia askari kwamba hakuna adui aliyewashinda, akafa akiitwa msaliti wao. Na aliyechaguliwa kukaa katika kiti chake alikuwa Hindenburg.

Hitler aliishika hadithi hii tangu mwanzo. Waliotia sahihi amani aliwaita wahalifu wa Novemba. Novemba 1923 alijaribu kutwaa utawala kwa nguvu katika München, na bega kwa bega naye alitembea Ludendorff. Lakini tuwe wa haki: hadithi peke yake haikumpa utawala. Katika uchaguzi wa 1928 chama chake kilipata kura asilimia 2.6 tu. Ndipo biashara ya dunia ilipoanguka. Kufika 1932 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi, na Julai mwaka huo chama chake kikapata asilimia 37.3. Njaa ilikuwa moto. Hadithi ilikuwa kuni zilizokaushwa kwa miaka kumi na minne. Moto ungewaka kwa vyovyote, lakini bila kuni zile usingejua nyumba ya nani ya kuanzia.

Tarehe 30 Januari 1933 Hindenburg alimfanya Hitler kuwa mkuu wa serikali. Tarehe 23 Machi wabunge wa Chama cha Katikati, chama kile kile cha marehemu Erzberger, walipiga kura kumpa Hitler uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Siku tano baadaye maaskofu wa Ujerumani, waliokuwa wamewaonya waumini wasijiunge na chama chake, walilegeza maonyo yao. Twayaandika haya sisi tulio Wakatoliki, bila kuficha, kwa maana asiyetaja kosa la nyumbani kwake hana haki ya kutaja la jirani. Mwaka huo huo wauaji wa Erzberger walisamehewa.

Septemba 1939, siku ya kwanza ya vita vipya, Hitler aliliambia bunge kwamba Novemba 1918 haitarudi tena kamwe katika historia ya Ujerumani. Kwa kuogopa kisu kisichokuwapo, taifa lilipigana mara ya pili mpaka miji yake ikawa kifusi, na likawaua Wayahudi milioni sita.

Mambo ya leo

Ujerumani baada ya 1945 ilijifunza polepole kuitazama historia yake usoni. Ilijenga kumbukumbu za wale iliowaua, na watoto wake husomeshwa habari hizo. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ndilo hasa wanaloling'ang'ania sasa wanasiasa wa mrengo wa kulia uliokithiri, wakisema limewadhoofisha.

Chama kiitwacho AfD kiliundwa mwaka 2013. Januari 2017, katika Dresden, kiongozi wake mmoja, Björn Höcke, aliulalamikia mnara wa Berlin wa kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, akiuita mnara wa aibu, akadai kwamba namna ya kukumbuka igeuzwe nyuzi 180. Septemba mwaka huo Alexander Gauland alisema kwamba Wajerumani wana haki ya kujivunia kazi za askari wao katika vita vikuu vyote viwili. Na alisema hayo kwenye mkutano wa Kyffhäuser. Kyffhäuser ni mlima ambamo, kwa hekaya, amelala Kaisari Barbarossa, aliyekufa maji mwaka 1190, akingoja kuamka na kurudisha ukuu wa taifa. Hitler alilitumia jina hilo la Barbarossa kwa shambulio lake juu ya Urusi mwaka 1941. Mwaka 2018 Gauland aliifananisha miaka ya Hitler na kinyesi cha ndege juu ya historia tukufu ya zaidi ya miaka elfu.

Hata sisi hatukusahauliwa. Desemba 2019 wabunge wa chama hicho walimwalika bungeni Bruce Gilley, mwalimu wa chuo kikuu cha Marekani, aliyeusifu ukoloni wa Kijerumani. Hadithi ya Schnee imevaa kanzu mpya.

Septemba 2024 AfD kilishika nafasi ya kwanza katika jimbo la Thuringia; Februari 2025 kilipata asilimia 20.8 ya kura za nchi nzima, kikawa cha pili. Hatusemi kwamba kila mpiga kura wake ni mwovu. Wengi wana malalamiko ya kweli juu ya kazi, kodi na nyumba. Lakini 1932 nako njaa ilikuwa ya kweli. Hatari ni pale malalamiko ya kweli yanapopewa maelezo ya uongo.

Zipo dalili njema pia. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wazao wa Chifu Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Februari 2024 maaskofu wa Ujerumani walitangaza kwa kauli moja kwamba utaifa unaojengwa juu ya damu na ukoo haupatani na Ukristo. Waliotangulia mwaka 1933 walilegea. Safari hii wamesema mapema.

Yatupasayo

Neno hilo, mapema, ndilo somo letu lote. Mwongo wa kwanza hakuwa Hitler. Walikuwa watu wenye heshima, waliojua ukweli wakaunyamazia: wengine kwa kulinda jina lao, wengine kwa huruma tu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Majemadari wangesema mwaka 1919, Tulishindwa, na kosa ni letu, wangepata aibu ya mwaka mmoja. Wangewaachia wafiwa uchungu, lakini uchungu usio na sumu.

Yatupasa basi kila tusikiapo hadithi ya taifa, ya kabila au ya chama, kuuliza mambo matatu. Je, tarehe zake zinapatana? Ni nani ameachwa nje, kama walivyoachwa wapagazi na wenye njaa ya Ugogo? Na je, mwisho wake hutufundisha kumpenda jirani, au hutuonyesha mlango wa kuubisha usiku?

Wazazi na walimu wana kazi kubwa hapa. Mtoto aambiwe ushujaa wa wazee wake, na aambiwe pia walipokosa. Hatampenda baba yake kidogo kwa sababu hiyo. Atampenda kama mtu, wala hatahitaji kumchukia mtu mwingine ili ajivunie nyumba yake.

*Maswali ya kujadiliana katika vikundi:*

1. Kwa nini tarehe 29 Septemba 1918 yatosha kuivunja hadithi ya kisu cha mgongoni?
2. Ebert alisema neno la kuwafariji askari. Je, angewapaje heshima bila kusema yasiyo kweli?
3. Hadithi ya askari mwaminifu ilimfaa nani? Wazee wa kwenu husimulia nini juu ya vita ile?
4. Katika ukoo wetu au kijiji chetu, ni msiba gani ambao bado twamtafutia mtu wa kulaumiwa?